Renton: kijiji kilichoitisha ligi, ligi ikakiacha

Wenye majaribio wiki hii poleni, wanaosubiri bumu poleni zaidi. Leo sina habari za kantini wala za foleni ya kurudufu madesa. Nataka tuongee mpira, ila mpira wa zamani, na tena mpira wa kijijini, kwa sababu naona ubishi wetu wa kila Jumamosi kwenye chumba cha TV unaanzia katikati ya hadithi. Mtu wa Liverpool anahesabu makombe yake, mtu wa Everton (yupo mmoja tu kwenye hosteli nzima, Mungu ampe subira) anajaribu kujibu, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba nahodha wa kwanza wa Liverpool na nahodha aliyeipa Everton ubingwa wake wa kwanza wa ligi ni mtu mmoja. Anaitwa Andrew Hannah. Na huyo bwana alitokea timu ya kijiji, timu ya watu wa kiwandani waliokuwa hawalipwi hata senti ya kucheza.

Timu inaitwa Renton. Haipo tena. Lakini kabla haijafa ilichukua makombe, ikajiita bingwa wa dunia, ikaandika barua iliyozaa ligi ya Uskoti, halafu ligi hiyo hiyo ikaitema. Kwa sisi tunaosoma ualimu na somo la historia, hii ni nondo kamili: sababu zipo, matokeo yapo, na kuna swali moja mwishoni ambalo linatuhusu sisi wenyewe. Tulieni niwape taratibu.

MTO NA RANGI NYEKUNDU

Renton kipo magharibi ya Uskoti, kwenye bonde la mto Leven. Mto wenyewe ni mfupi, unatoka ziwa linaloitwa Loch Lomond na kuingia mto Clyde pale mjini Dumbarton, kama kilometa kumi hivi. Lakini maji yake ni mengi na masafi, na hayo ndiyo yaliyoleta viwanda. Katika karne ya 19 bonde hilo lilikuwa linafua, linapaka rangi na kuchapa vitambaa, hasa vya rangi nyekundu ambayo haichuji, waliyoiita nyekundu ya Kituruki. Vitambaa vingi vilikuwa vinapakiwa melini kwenda India. Kijiji cha Renton kilianzishwa 1782, na kilikuwa na viwanda viwili vikubwa vya kazi hiyo, Cordale na Dalquhurn.

Kwa hiyo ukisikia kijiji usifikirie mahindi na mbuzi. Fikiria watu elfu chache wanaoishi nyumba zilizobanana, wanaamka saa moja, wanaingia geti moja, na mikono yao ina rangi moja. Mtu anacheza na jirani yake, na jirani huyo ndiye anayefanya naye kazi, na pengine ndiye shemeji yake. Nadhani hapo ndipo siri ya kwanza ilipo. Timu kubwa za leo zinatumia mamilioni kutafuta watu wanaoelewana uwanjani. Renton walikuwa wanaelewana kabla hawajaugusa mpira.

Siri ya pili ni Jumamosi. Kufikia miaka ya 1870 wafanyakazi wengi wa viwandani kule Uingereza na Uskoti walikuwa wameshapata haki ya kuacha kazi Jumamosi mchana. Jamani, tusiidharau hiyo nusu siku. Bila hiyo nusu siku mpira ungebaki mchezo wa vijana wa shule za matajiri. Mpaka leo mechi nyingi kule zinaanza saa tisa alasiri ya Jumamosi, na watu wanadhani ni ratiba ya televisheni. Chimbuko lake ni mtu aliyetoka kazini, akaoga, akala, akaenda uwanjani.

Kabla ya mpira wa miguu watu wa bonde hilo walikuwa wanacheza mchezo wao wa magongo wa asili ya Kiskoti. Mwaka 1872 watu wa klabu ya Queen's Park ya Glasgow walikwenda huko kuwaonyesha mchezo mpya unavyochezwa. Mwaka huo huo zikazaliwa timu tatu katika bonde moja: Renton, Vale of Leven ya mji wa Alexandria, na Dumbarton. Ni mwaka huo huo pia, tarehe 30 Novemba, Uskoti na England zilicheza mechi ya kwanza ya kimataifa inayotambuliwa, ikaisha 0-0. Yaani hawa wanakijiji hawakuchelewa darasani. Walikuwepo tangu kipindi cha kwanza.

KOMBE LINAKUJA KIJIJINI

Kombe la Uskoti lilianza msimu wa 1873-74. Mechi ya kwanza kabisa katika historia ya kombe hilo ilichezwa tarehe 18 Oktoba 1873, na moja ya timu zilizoingia uwanjani siku hiyo ni Renton. Wapinzani walikuwa Kilmarnock, hii hii Kilmarnock iliyopo mpaka leo. Kilmarnock waliingia na watu pungufu na walikuwa bado hawajazizoea sheria za mchezo, Renton wakashinda. Mwaka 1875 kijiji kikafika fainali, wakafungwa na Queen's Park 3-0. Si haba kwa timu ya miaka mitatu.

Jirani zao wa Vale of Leven ndio waliotangulia kung'ara. Walilichukua kombe mara tatu mfululizo, 1877, 1878 na 1879. Dumbarton wakalichukua 1883. Renton wakalichukua 1885, na waliyemfunga kwenye fainali ya marudiano ni nani? Vale of Leven hao hao, 3-1. Hebu fikiria hali ilivyokuwa, vijiji viwili vya bonde moja, vinagombania kombe la taifa zima. Hapa kwetu ukienda kwenye ndondo ukakuta fainali ni ya mitaa miwili jirani, unajua kabisa usiku huo hakuna anayelala.

Msimu wa 1886-87 Renton wakaingia Kombe la FA la England, maana siku hizo timu za Uskoti zilikuwa zinaruhusiwa. Wakawatoa Blackburn Rovers, timu iliyokuwa imelibeba kombe hilo miaka mitatu mfululizo, 1884, 1885 na 1886. Baadaye Preston North End wakawasimamisha. Mwaka 1887 chama cha soka cha Uskoti kikazikataza timu zake kucheza kombe la jirani, na mlango ukafungwa.

Walikuwa wanachezaje? Waskoti wa wakati ule walijulikana kwa pasi. Wenzao wa England wengi walipenda mtu apokee mpira akokote mpaka anyang'anywe. Waskoti wakawa wanagawiana. Walipoanza kuhamia England waliitwa maprofesa, kweli kabisa, maprofesa, kwa sababu walionekana wanakwenda kufundisha. (Wale wa kitivo chetu msijisikie sana.) Na Renton walikuwa na mtu mmoja katikati, James Kelly, sentahafu, mzaliwa wa kijiji hicho hicho mwaka 1865. Katika mfumo wa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, Kelly alikuwa mhimili. Anakaba, ananyanyua kichwa, anagawa. Anatajwa kama mmoja wa watu walioifanya namba ile iwe ubongo wa timu.

Kuna na hadithi ya supu. Inasimuliwa kwamba wachezaji wa Renton walikuwa na kinywaji chao maalumu cha kuwapa nguvu kikiitwa bree ya kuku. Wengine wanasema ilikuwa supu ya kuku tu, wengine wanasema ilikuwa mayai mabichi na mvinyo. Kila timu ya kijijini duniani ina bree yake ya kuku, na kwetu mnajua wenyewe huwa inafungwa kwenye karatasi na kufukiwa golini, he he.

MABINGWA WA DUNIA

Sasa tufike 1888. Februari 4 ya mwaka huo Renton waliwafunga Cambuslang 6-1 kwenye fainali ya Kombe la Uskoti. Matokeo hayo ni rekodi. Kwa zaidi ya miaka themanini hakuna aliyeyafikia, mpaka Celtic walipowafunga Hibernian 6-1 mwaka 1972.

Huko England, West Bromwich Albion wakalichukua Kombe la FA. Watu wakasema basi, bingwa wa huku akutane na bingwa wa huku tujue mbabe nani. Mechi ikapigwa Glasgow tarehe 19 Mei 1888, kwenye mvua kubwa na ngurumo. Renton 4, West Bromwich 1.

Waliporudi kijijini wakaandika bango na kulitundika kwenye uwanja wao wa Tontine Park: Mabingwa wa Uingereza na Dunia. Mtu anaweza kucheka. Dunia gani, wakati mpira wenyewe ulikuwa haujavuka maji sawasawa? Lakini mimi nasema walikuwa na hoja. Mwaka 1888 Kombe la Dunia la FIFA lilikuwa bado miaka 42 mbele. FIFA yenyewe ilikuwa bado miaka 16. Mpira wa hali ya juu ulikuwa Uskoti na England, na wao waliwafunga bingwa wa kote kuwili. Ubao wa matokeo ulikuwa upande wao. Kikombe cha mechi ile kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya soka ya Uskoti pale Hampden Park.

Sasa angalieni kalenda. Mechi ya ubingwa wa dunia ilikuwa Mei 19. Siku tisa baadaye, Mei 28, 1888, klabu mpya ya Glasgow iitwayo Celtic ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa, ikawafunga Rangers 5-2. Bao la kwanza katika historia ya Celtic lilifungwa na Neil McCallum. Wa Renton. Katikati alisimama James Kelly. Wa Renton. Kelly akawa nahodha wa kwanza wa Celtic, baadaye akawa mwenyekiti wa klabu, na mwanae Robert Kelly naye akawa mwenyekiti. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa kwenye kiti Celtic walipochukua Kombe la Ulaya mwaka 1967. Mnakumbuka Novemba 2012, Victor Wanyama wa Kenya alivyowafunga Barcelona kwa kichwa na jezi ya Celtic, na kelele zilizopigwa huku kwetu? Njia aliyopita Wanyama, mlango wake wa kwanza ulifunguliwa na watu wa kijiji cha kupaka rangi vitambaa.

Siku tisa! Bango la ubingwa wa dunia bado rangi haijakauka, timu imeshaanza kubomolewa.

WANAONDOKA MMOJA MMOJA

Hapa inabidi tueleze habari ya ridhaa na kulipwa, maana bila hiyo mtadhani ni usaliti tu. England iliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1885. Uskoti ikakataa mpaka 1893. Kwa miaka nane kulikuwa na mpaka, upande mmoja unalipwa, upande mwingine ukilipwa unafungiwa. Mwaka 1888 England ikaanzisha ligi, iliyoitishwa na William McGregor wa Aston Villa, ambaye naye alikuwa Mskoti. Ligi maana yake mechi za uhakika, kiingilio cha uhakika, na mshahara wa uhakika.

Wewe ni kijana wa Renton, unaloweka vitambaa kwenye mapipa ya rangi siku tano na nusu kwa wiki. Anakuja mtu amevaa kofia nzuri, anakuambia njoo ucheze mpira, tutakulipa. Ungebaki? Mimi nisingebaki. Andrew Hannah akaenda Everton, akawa nahodha walipochukua ubingwa wa 1890-91, kisha 1892 akawa nahodha wa kwanza wa Liverpool. Johnny Campbell akaenda Sunderland. Huyu ndiye aliyekuwa mshambuliaji wa Sunderland iliyochukua ligi ya England 1892, 1893 na 1895, na katika misimu hiyo yote mitatu yeye ndiye aliyeongoza kwa mabao.

Wana Msimbazi mpo? Maana klabu yenu ilikuwa inaitwa Sunderland mpaka mwaka 1971 ilipobadilishwa kuwa Simba. Jina hilo lilifika Kariakoo kwa sababu Sunderland ya England ilikuwa na sifa, na sifa hizo za mwanzo zilijengwa na Waskoti, na mmoja wa wakali wao alitoka kijiji hiki. Msiwaambie watu wa Jangwani, wataanza kutafuta na wao kijiji chao.

Wakati haya yanatokea Renton walipata nini? Hakuna. Hakukuwa na ada ya uhamisho kwa mchezaji wa ridhaa. Kama hana mkataba humuuzi. Anaaga mama yake, anapanda treni. Klabu inabaki na jezi.

BARUA YA KATIBU

Renton hawakukaa kulia. Waliona England wenzao wana ligi, wakaona dawa ni na sisi tuwe nayo. Machi 1890 katibu wa Renton, Peter Fairly, aliviandikia vilabu vingine vya Uskoti kuviita kwenye kikao cha kujadili ligi. Naomba mlisome hilo tena. Wazo lile halikutoka kwa Rangers wala Celtic. Barua ya kuitisha ligi ya Uskoti ilitoka kijijini.

Ligi ikaanza Agosti 1890 na timu 11: Abercorn, Cambuslang, Celtic, Cowlairs, Dumbarton, Hearts, Rangers, Renton, St Mirren, Third Lanark na Vale of Leven. Angalieni, timu tatu kati ya hizo ni za bonde lile lile dogo la mto Leven.

Renton walicheza mechi tano. Halafu wakafukuzwa.

Ilikuwa hivi. Klabu ya St Bernard's ya Edinburgh ilifungiwa na chama cha soka kwa kosa la kulipa wachezaji kwa siri. St Bernard's wakaja na ujanja, wakabadilisha jina wakajiita Edinburgh Saints, wakacheza na Renton mechi ya kirafiki. Chama kikasema tunawajua, huyo ni yule yule, na wewe Renton umecheza na timu iliyofungiwa. Kosa lao ni hilo, kucheza. Wote wakafungiwa, na matokeo ya Renton kwenye ligi yakafutwa kama hawakuwahi kuwepo.

Renton wakaenda mahakamani. Timu ya kijiji, dhidi ya chama cha taifa. Na wakashinda, wakarudishwa kwenye ligi msimu wa 1891-92. Lakini mwaka mzima umeshapita bila mechi za ligi. Mnajua ninyi kukaa mwaka nje ya chuo kwa kuahirisha masomo kunavyomfanya mtu, ukirudi wenzako wameshavaa joho. Msimu ule wa kwanza Dumbarton na Rangers walilingana pointi wakagawana ubingwa. Dumbarton wakauchukua tena 1892 peke yao. Renton walirudi wakakuta meza imeshaliwa.

HESABU INAKATAA

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia kisa hiki kwa njia rahisi, kwamba pesa iliua mpira wa ridhaa, basi. Kama ridhaa ndiyo ilikuwa ngao ya kijiji, mbona kijiji kilibomolewa wakati ridhaa bado ni sheria? Kati ya 1888 na 1893 Uskoti ilikuwa inakataza malipo, na ni miaka hiyo hiyo Renton walipokwapuliwa watu wao. Sheria iliwazuia kuwalipa vijana wabaki, haikuwazuia wengine kuwalipa waondoke. Na malipo yaliporuhusiwa 1893, hayakuwaokoa pia, maana mkia ulikuwa umeshakatika. Msimu wa 1893-94 walimaliza mwisho kabisa wakashuka daraja la pili.

Kilichowashinda ni hesabu. Kombe ni mechi chache, unajipanga, unakunywa supu yako, unaweza kumfunga yeyote. Ligi ni kila wiki. Kila wiki unahitaji kiingilio, nauli, na watu wa kujaza uwanja. Glasgow ilikuwa na mamia ya maelfu ya watu na treni za kuwaleta uwanjani. Renton hata kama kijiji kizima, na vichanga mgongoni, kingeingia Tontine Park, bado ni watu elfu chache, na ni wale wale wa wiki iliyopita. Ligi waliyoiomba wao ilikuwa mizani, na mizani haijali nani aliileta sokoni.

Walijitutumua mara moja zaidi. Mwaka 1895, wakiwa daraja la pili, walifika fainali ya Kombe la Uskoti. Wapinzani? St Bernard's! Hao hao wa Edinburgh Saints, waliowaponza miaka mitano nyuma. Ukiandika hivyo kwenye tamthilia mwalimu wa fasihi atakukata maksi kwamba umelazimisha. St Bernard's wakashinda 2-1.

Msimu wa 1897-98 Renton walicheza mechi nne za ligi, wakajitoa. Nafasi yao ikachukuliwa na Hamilton Academical. Jirani zao Vale of Leven walikuwa wameshatangulia, baada ya kumaliza msimu mzima wa 1891-92, mechi 22, bila kushinda hata moja. Renton wakaendelea kucheza mechi ndogo ndogo nje ya ligi mpaka 1922, klabu ikavunjwa. Palipokuwa Tontine Park pakajengwa nyumba. Na ile ligi? Kuanzia 1986 mpaka 2025 ubingwa wa Uskoti haujatoka nje ya Celtic na Rangers hata mwaka mmoja.

TUNAJIFUNZA NINI

Nilivyofika hapo swali lililonibana ni moja: kijiji kinachozaa wachezaji kinadai nini? Sio huruma. Kinadai nini, kwa haki?

Mwaka 1888 jibu lilikuwa hakuna. Leo jibu limebadilika, na washkaji wengi wa mpira wa mchangani hawajui. Tangu 2001 kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya pesa zinagawiwa kwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Miaka ya 12 hadi 15, kila msimu ni asilimia 0.25. Miaka ya 16 hadi 23, kila msimu ni 0.5. Tuchukue mfano. Kijana ameuzwa dola 1,000,000, na timu yake ya utotoni ilimlea akiwa na miaka 13, 14 na 15. Hiyo ni misimu mitatu, dola 2,500 kila mmoja, jumla dola 7,500. Kwa timu inayochangishana hela ya mpira mmoja hizo ni pesa za kupanda miti kuzunguka uwanja, kununua nyavu na kubaki na chenji.

Lakini kuna sharti. Uwe umesajiliwa, na mchezaji awe amesajiliwa kwako, kwa jina, kwa tarehe ya kuzaliwa, kwenye kumbukumbu za chama cha soka cha nchi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kuzikusanya na kuzigawa pesa hizi, na kinachoangalia ni historia ya usajili wa mchezaji. Kama timu yako haipo kwenye karatasi, kwake haijawahi kuwepo. Ni kama matokeo ya Renton ya 1890, yamefutwa.

Na hapo ndipo penye kilio chetu. Timu zetu nyingi za vijijini zina mpira, zina mashabiki, zina hata bree ya kuku, ila hazina daftari. Ukiuliza timu ilianza lini unaambiwa enzi za mzee fulani. Ukiuliza nani alicheza, unapewa majina ya utani matupu. Tukuyu Stars ya Rungwe ilichukua ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1986, mji mdogo ukawapita Simba na Yanga, na bado ukimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa atakutazama kama umetaja timu ya sayari nyingine. Renton walikufa 1922 na mimi nimeweza kuwatajia nani alifunga lini, kwa sababu kulikuwa na katibu aliyekuwa anaandika, na magazeti yaliyokuwa yanachapa.

Sisi wa ualimu tutapangiwa shule huko huko vijijini, na wengi wetu, tutake tusitake, tutakabidhiwa michezo siku ya kwanza tu kwa kuwa ni vijana. Timu ya kijiji itakuja kuomba mwalimu awe katibu, maana mwalimu ndiye mwenye kalamu. Wakija, usikwepe. Nunua kaunta buku. Andika jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, tarehe aliyoanza kucheza, tarehe aliyoondoka na alikokwenda. Peleka usajili wilayani. Kijana akipata timu mjini mruhusu aende, tena mpe na nauli, maana kumzuia ni dhambi na Renton hawakuwahi kuweza. Ila aondoke akiwa ameandikwa.

James Kelly angebaki kijijini angekufa akiwa mpaka rangi vitambaa, na Celtic ingekuwa kitu kingine. Sina ugomvi na kuondoka kwake. Ugomvi wangu ni kwamba alipoondoka, kijiji kilichomfundisha kupiga pasi hakikuandikiwa hata risiti.

Haya, nawasilisha. Mwenye historia ya timu ya kwao, iwe imeshachukua kombe la mbuzi tu, ailete tuisome. Lakini njoo na miaka na majina kamili, sio "enzi zile". Wiki njema, na watu wa majaribio, Mungu awatangulie.